Nifanyeje nipate makiato na kapuchino ndogo kwenye maduka makubwa ya kahawa?

Mwonjaji_Moshi:

Habari za jioni, ndugu zangu. Kazi yangu ni kuonja kahawa katika kiwanda cha kukoboa hapa Moshi, na kazi hiyo hunisafirisha nje ya nchi nikiwa na sampuli za kahawa zetu. Kero ninayoileta hapa hunikuta zaidi katika viwanja vya ndege na vituo vya treni, ambako mara nyingi mtu hana pa kunywa kahawa isipokuwa kwenye tawi la kampuni kubwa yenye maduka yanayofanana katika nchi nyingi. Sitaitaja kampuni yoyote, kwa sababu yaliyonikuta katika moja yamenikuta na katika nyingine.

Vinywaji vyangu vya espreso, yaani kahawa kidogo na nzito inayokamuliwa kwa mashine, ni viwili tu. Asubuhi hunywa kapuchino, nami ninakusudia kikombe cha kauri cha mililita 150 hivi, chenye espreso moja na maziwa yaliyopashwa kwa mvuke mpaka yakawa mazito na laini. Baada ya chakula cha mchana hunywa makiato, yaani espreso iliyotiwa kijiko kimoja au viwili vya povu la maziwa, na si zaidi. Sasa nikiagiza kapuchino huulizwa nataka ya ukubwa gani, na nikijibu kwamba nataka iliyo ndogo kuliko zote huletewa kikombe cha karatasi chenye zaidi ya mililita 300, ambamo ladha ya kahawa inabidi uitafute. Nikiagiza makiato, huletewa maziwa mengi yaliyotiwa shira ya vanila, na juu yake michirizi ya karameli. Nikieleza kwamba sicho nilichokitaka, mhudumu hunionyesha ubao wa menyu, na kweli jina lipo pale pamoja na picha yake, kwa hiyo anayeonekana hajui kahawa ni mimi.

Sina nia ya kugombana na vijana wa watu huku foleni ya abiria ikinitazama mgongoni. Nauliza tu: kuna namna ya kuagiza itakayonipatia vinywaji hivyo viwili jinsi vilivyo? Na ni kwa nini kampuni zenye mashine za bei kubwa namna ile zishindwe kutoa kitu chenye kazi ndogo kuliko hicho wanachonipa? Nauliza pia kwa sababu huko Arusha naona baadhi ya migahawa mipya inaanza kunakili menyu hizo neno kwa neno, karameli na yote.

Barista_Njiro:

Pole sana, dada. Kabla ya kurudi Arusha nilisimama nyuma ya kaunta ya kampuni ya aina hiyo huko Dubai, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyokwenda upande wa pili.

Jambo la kwanza ni kwamba unayezungumza naye si yeye anayekutengenezea kahawa. Anayepokea fedha hubonyeza jina la kinywaji kwenye mashine ya malipo, mashine inatoa lebo, lebo inabandikwa kwenye kikombe, na barista aliye mwisho wa kaunta anasoma lebo hiyo tu. Maelezo yako yote mazuri kuhusu kijiko kimoja cha povu yanaishia kwa mpokea fedha, isipokuwa kama mashine yake ina kitufe cha maelezo hayo. Kisha barista mwenyewe hana uhuru mkubwa kama unavyodhani. Mashine nyingi za kampuni hizo husaga, hushindilia na kukamua kahawa zenyewe baada ya kitufe kubonyezwa, na kiasi kimepangwa na makao makuu. Tulikuwa na kadi ya kila kinywaji yenye kiasi cha shira, mstari wa kufikishia maziwa na mpangilio wa kumimina, na msimamizi alipita akikagua kama tunaifuata.

Kwa hiyo agiza kwa kutumia vitu ambavyo mashine ya malipo inavijua. Usianze na neno makiato kabisa, kwa maana ukilitamka tu, kidole kimeshabonyeza. Sema hivi: "Naomba espreso moja ndani ya kikombe kidogo, na juu yake uniwekee povu kidogo la maziwa." Espreso ipo kwenye kila mashine ya malipo, na povu la nyongeza huwa lipo kama badiliko. Utalipa bei ya espreso, ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko hiyo karameli.

Kuhusu kapuchino, uliza kama kuna ukubwa usioandikwa ubaoni. Nitatoa mfano wa Starbucks, kampuni ya Marekani, kwa kuwa vipimo vyao vinajulikana na wote. Vikombe vyao vya vinywaji vya moto ni vya mililita 236, 354, 473 na 591. Hicho cha kwanza mara nyingi hakionyeshwi kwenye ubao, lakini ukikiomba unapewa. Jambo ambalo wateja wengi hawalioni ni kwamba, kwa utaratibu wao wa Marekani, kapuchino ya 236 na ya 354 zote zina shoti moja, yaani kipimo kimoja, cha espreso, na ya 473 na ya 591 zote zina shoti mbili. Anayepanda kutoka 236 kwenda 354 ameongezewa maziwa peke yake. Ukichukua kile kidogo unapata kahawa ileile ndani ya theluthi mbili hivi ya maziwa uliyokuwa unazamishiwa, na ukiomba shoti mbili ndani yake, inakuwa kali hata kuliko ya kikombe chako cha mililita 150.

Omba pia kikombe cha kauri. Madukani mijini mara nyingi vipo chini ya kaunta, ila kwenye viwanja vya ndege usitegemee.

Juma_wa_Ngarenaro:

Mimi nimeshaacha kabisa kubishana nao. Naagiza espreso mbili tupu, kisha naenda kwenye ile meza ya pembeni yenye maziwa, sukari na vijiti vya kukorogea, najitilia mwenyewe ninavyopenda. Haihitaji maelezo kwa mtu yeyote.

Barista_Njiro:

Kaka Juma, hapo umepata kahawa yenye maziwa lakini hukupata makiato. Espreso ni kama mililita 25 au 30 za kinywaji, na ndani ya kikombe kikubwa cha karatasi inapoa upesi mno. Ukiongeza maziwa baridi ya mezani umeimaliza. Povu lililopashwa kwa mvuke lina joto lake na lina utamu ambao maziwa baridi hayana.

Mstaafu_Kibosho:

Nimeufuatilia mjadala huu kwa hamu, kwa kuwa nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika kahawa, kuanzia shambani kwa baba yangu chini ya migomba mpaka kwenye meza ya kuonjea, kazi ambayo mwanangu Mwonjaji anaifanya sasa.

Maelezo ya Barista ni sahihi, lakini nina tahadhari moja. Mwanangu, ukifuata ushauri wake na ukafanikiwa kupata kikombe kile kidogo unachokitafuta, yawezekana usikipende. Kampuni yenye maelfu ya maduka haina budi kuuza kahawa yenye ladha ileile mwaka mzima, ingawa mbuni zake zinatoka katika nchi nyingi na misimu tofauti. Tena inajua kwamba sehemu kubwa ya espreso yake itaingia kwenye maziwa na shira. Njia rahisi ya kutatua mambo hayo mawili kwa pamoja ni kukaanga sana, mpaka mbuni ziwe nyeusi na zianze kutoa mafuta juu, kwa kuwa uchungu wa kukaangwa hupenya maziwa na tena huficha tofauti za asili ya mbuni. Ule uchachu mzuri wa arabika ya mlimani kwetu, ambao wewe unaupa alama kila siku, ndio unaokuwa wa kwanza kupotea. Ndani ya nusu lita ya maziwa yenye karameli huoni hasara hiyo. Ndani ya makiato yenye kijiko kimoja cha povu, huna pa kujificha. Kwa hiyo sidhani kwamba wamesahau kutengeneza makiato. Naamini kahawa yao haikukusudiwa kunywewa hivyo.

Nikuongezee na hili, ili tusiwatukuze Waitaliano kupita kiasi. Tangu Luigi Bezzera wa Milano aliposajili hataza ya mashine yake mwaka 1901, kinywaji hiki kimebadilika sana. Mashine za mwanzo zilisukuma maji kwa mvuke tu, na lile tabaka la krema, yaani povu la kahawa yenyewe linaloelea juu, tunaloliona leo kuwa dalili ya espreso njema lilitokea baada ya Vita Kuu ya Pili, pale mashine za Achille Gaggia zilipotumia mkono wenye springi kupata mgandamizo mkubwa zaidi. Vipimo vinavyotajwa leo na taasisi ya Waitaliano inayoilinda espreso, yaani gramu 7 za kahawa, mililita 25 ndani ya sekunde 25 hivi, kwa mgandamizo wa bar 9, na kapuchino ya mililita 25 za espreso kwa 100 za maziwa, vimeandikwa wakati sisi wazee tumeshaota mvi. Kisha michanganyiko mingi ya Kiitaliano ina robusta, aina nyingine ya kahawa isiyo arabika, ndani yake, ambayo huongeza krema na uzito mdomoni. Ndugu zetu wa Kagera wanaolima robusta wana haki ya kutucheka tunaposema kwamba kahawa ya asili ya espreso ni arabika tupu ya Kilimanjaro.

Mhasibu_Sakina:

Naomba nipingane kidogo, kwa heshima. Ninasimamia hesabu za mgahawa mmoja hapa Arusha, na naona mjadala unaelekea kuwalaumu wenye maduka kana kwamba wanawafanyia wateja hila.

Tuanze na kiti. Baa ya kahawa ya Italia inauza espreso kwa mtu aliyesimama. Anaingia, anakunywa mbele ya kaunta, anatoka, na nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Ndiyo maana kahawa ya kaunta ina bei ndogo, na katika baa nyingi ukikaa mezani unatozwa zaidi kwa kahawa ileile. Vijiwe vyetu vya kahawa vina hesabu hiyohiyo: dele juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni, benchi chini ya mti, na hakuna pango la kulipa mwisho wa mwezi. Duka kubwa linauza kitu kingine kabisa. Linauza kiti laini, choo safi, intaneti na saa mbili za kukaa bila kuulizwa. Mtu akikalia kiti hicho kwa saa mbili huku ameshika kikombe cha mililita 25, mwenye duka atafunga. Anachofanya ni kukuuzia kikombe kikubwa, ambacho kahawa yake ni ileile kama alivyoeleza Barista, ila kimeongezwa maziwa yanayogharimu kidogo, na bei imepanda kuliko gharama ilivyopanda. Tofauti hiyo ndiyo kodi ya kiti.

La pili ni kwamba jaribio la kuuza kwa mtindo wa Kiitaliano lilishafanyika, na wateja ndio waliolikataa. Starbucks ilipoanza Seattle mwaka 1971 ilikuwa inauza kahawa ya kwenda kutengeneza nyumbani. Howard Schultz, aliyekuwa mkuu wake wa masoko, alikwenda Milano mwaka 1983, akapendezwa na baa za kule, na mwaka 1986 akafungua duka lake mwenyewe, Il Giornale, lenye muziki wa opera na lisilo na viti, kama alivyoona. Wateja wakalalamikia opera, wakaomba viti, naye akaviweka. Mwaka uliofuata akainunua Starbucks yenyewe. Hiyo makiato ya karameli ilitolewa mwaka 1996, kampuni ilipotimiza miaka 25, na wengine wakaiga kwa sababu iliuzika. Wanaoinywa wanaipenda. Sioni kwa nini tuwaone wajinga kwa kupenda kitu kitamu.

Hapa kwetu nami nimeliona hilo. Mgahawa wetu ulipoanza na kapuchino za mililita 160, watalii wa Kiitaliano walifurahi, lakini wateja wetu wenyewe walihesabu fedha waliyotoa, wakatazama kikombe, na wengi hawakurudi.

Mwonjaji_Moshi:

Shikamoo Mzee Mstaafu, na ahsanteni wote.

Tahadhari ya Mzee naichukua kwa uzito, kwa kuwa imenieleza jambo ambalo ulimi wangu ulikuwa unalijua. Espreso tupu ya maduka hayo nimeionja, na ukweli ni kwamba kwenye meza yetu ya kuonjea isingepita. Hata hivyo, bado ningependa niwe na nafasi ya kuikataa kwa sababu ya ladha yake, kuliko kuletewa kitu kingine chenye jina lake.

Dada Mhasibu (au ni kaka, uniwie radhi), sikatai kikombe kikubwa kiuzwe, wala simcheki anayekinywa. Hoja yako ya kiti nimeielewa na inanishawishi, ila inaeleza kapuchino zaidi kuliko makiato. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege, anayetaka kunywa akiwa wima na kwenda zake, hadai kiti, hadai intaneti, na hata choo anatumia cha uwanja. Huyo angepaswa kuwa mteja wao rahisi kuliko wote, kwa kuwa anamaliza dakika mbili na kuondoka. Lakini ndiye anayeshindwa kuhudumiwa. Nadhani hapo sababu ni ile aliyoisema Barista, yaani vitufe na kadi, na si hesabu ya pango.

Kinachonisumbua zaidi ni cha hapa nyumbani. Mgahawa wa Arusha hauna makao makuu ya ng'ambo yanayoulazimisha, wala hauna maelfu ya matawi yanayopaswa kufanana. Je, ni vigumu kiasi gani kuandika kwenye menyu, mbele ya kila jina, kinywaji kina mililita ngapi na shoti ngapi?

Mhasibu_Sakina:

Ni kaka, wala hakuna kosa. Kuhusu uwanja wa ndege nakubali, hoja yangu haifiki huko.

Barista_Njiro:

Kuandika mililita si vigumu, dada, na pale ninapofanya kazi sasa tumeshaandika. Tulilazimika, kwa sababu mtu wa Marekani, wa Italia na wa Australia wakikaa meza moja baada ya kushuka Kilimanjaro na wote wakaagiza kapuchino, kila mmoja ana picha yake kichwani. Tuna vikombe vya mililita 160 na vya 300, vyote vinaitwa kapuchino, na mbele ya kila kimoja kumeandikwa kipimo na idadi ya shoti. Kikubwa tunakitia shoti mbili, kwa hiyo bei yake imepanda kwa haki. Malalamiko ambayo ndugu Mhasibu ameyataja, ya mteja kuhesabu fedha na kutazama kikombe, yamepungua sana tangu alipoanza kuchagua mwenyewe akiwa anajua anachochagua.

Makiato tumeiweka kwenye orodha ya espreso, juu kabisa, mbali na vinywaji vya maziwa. Hilo laweza kukusaidia hata ng'ambo: ukikuta menyu ndefu, tafuta sehemu iliyoandikwa espreso, kwa kawaida ni mistari michache pembeni au chini kabisa. Makiato iliyo kwenye mistari hiyo huwa ndiyo yako, na iliyo katikati ya ubao yenye picha ndiyo yenye karameli. Mtajie mhudumu kwamba unataka ile ya kwenye orodha ya espreso, umwonyeshe na kidole.

Tatizo letu lililobaki ni joto. Maziwa ya kapuchino huwa mazuri yakiwa kwenye nyuzi 55 mpaka 65, hapo ndipo utamu wake unapojitokeza na povu linakaa. Yakipita 70 yanaanza kunukia kama maziwa yaliyochemshwa, na povu linakuwa gumu na kujitenga. Lakini wateja wetu wamelelewa kwa chai ya maziwa inayotoka jikoni ikichemka, na kapuchino ya nyuzi 60 wanairudisha wakisema ni vuguvugu. Kampuni kubwa hulitatua hilo kwa kupasha sana kwa wote. Sisi tunauliza.

Mstaafu_Kibosho:

Marahaba, mwanangu Mwonjaji. Barista, hapo kwenye kuuliza mmefanya vyema. Ongezeni na jambo moja kwenye menyu yenu kama nafasi ipo: kahawa imetoka wapi na imekaangwa lini. Mteja akishaambiwa kwamba ni ya Machame, Mbinga au Karagwe, na kwamba ilikaangwa wiki iliyopita, mwenyewe ataanza kuitaka bila maziwa mengi.

Barista_Njiro:

Tarehe ya kukaangwa tunaiandika kwenye pakiti za kuuza tu, Mzee. Nitalipeleka kwa mwenye mgahawa, kwa maana menyu tunachapisha upya kabla ya msimu wa watalii wa Juni.